Nilipomtukana Dubu wa Wakwe Zangu

Jumanne ya tarehe nane Julai, maji yakipwa na mvua yetu ile nyembamba ikinyesha bila haraka, nilimtukana dubu mbele ya wageni sita, na kabla ya jua kutua nikawa nimempoteza mwanamke ambaye hata hakuwa wangu bado.

Kazi yangu ni kuwapeleka watu kuwatazama dubu. Nawapakia botini hapa gatini kijijini, nawazungusha hadi upande wa pili wa kisiwa, nawashusha kwa mtumbwi wa mpira pale mto unapoingia baharini, kisha nawapanga kwenye mchanga kama watoto wa chekechea. Msikimbie. Msile. Msitoke mstarini. Wakubwa wa msitu wametundika sheria zao kwenye kibao kirefu kuliko mimi, na katika wote walioziandika hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza dubu anapita wapi.

Kiangazi hicho msaidizi wangu alikuwa Verna. Verna ni mtoto wa mama mdogo wa marehemu mke wangu, Odelia, na kwetu huyo ni dada yake kabisa, hakuna cha binamu. Aliniita shemeji, akanitania kama mashemeji wanavyotaniana. Kofia yangu aliiita kiota. Boti yangu aliiita bibi kikongwe. Lakini nikirudi gatini nimelowa, ndiye aliyenimiminia kahawa ya kwanza kabla ya mgeni yeyote, na mkono wake ulichelewa kidogo kuachia kikombe. Mimi nami sikuwa na haraka ya kukipokea.

Wakwe zangu ni ukoo wa Dubu. Dubu yuko kwenye mablanketi yao ya ngoma, yuko kwenye nyimbo zao, na porini wakimkuta humsemesha kama ndugu. Verna humwambia kwa sauti ya chini, kama anayemsemesha kaka aliyeamka vibaya: "Kaka, hatukuja kukuudhi. Kula, sisi tunapita tu." Na dubu hula. Nimeliona mara nyingi, siwezi tena kulicheka.

Sasa Jumanne ile dubu mmoja kijana, dume, mwenye sikio lililochanika, alitokea nyuma yetu kwenye majani marefu. Wageni walikuwa wanatazama mtoni. Yeye akaupita mto na samoni wake wote, akaenda moja kwa moja kwenye mtumbwi wangu wa mpira niliouvuta ufukoni, akauma. Hewa ikatoka kwa mlio mrefu, kama mtu anayeguna kanisani. Akauma tena. Akaingiza kichwa chini ya kiti akawa anatafuna kitu, huku mtumbwi wangu unajilaza mchangani kama chapati.

Damu ikanipanda.

"Mwizi mkubwa wewe!" nilipiga kelele. "Mlafi! Kama wakwe zangu tu! Kula mnajua, kulala mnajua, ila tanga la mtu mmoja miaka mitatu mmeshindwa kulianua!"

Wageni wakacheka. Mmoja alikuwa amenyanyua simu yake tangu mwanzo. Dubu akaondoka taratibu, hakugeuka. Verna hakucheka.

"Shemeji," aliniambia polepole. "Umesema nini?"

"Nimemwambia dubu."

"Nimesikia umemwambia nani."

Akanitazama. Katika miaka yote niliyomjua hajawahi kunitazama vile. Si kwa hasira, hasira ningeivumilia. Alinitazama kama mtu anayefunga dirisha ambalo alikuwa ameliacha wazi kwa makusudi.

Yeyote wa kwetu angeelewa kwa nini. Odelia alifariki miaka mitatu nyuma. Aliumwa kifua asubuhi, tukaita ndege ya wagonjwa, wenye ndege wakasema ukungu. Ukungu ule niliuona kwa macho yangu, mtu angepita hata kwa baiskeli. Walipofika walikuta tumeshamfunika. Upande wetu, sisi wa ukoo wa Kunguru, ndio tuliochimba kaburi na kubeba jeneza, maana kwetu mtu hazikwi na ukoo wake, huzikwa na upande wa pili, upande wanakooa. Kisha inabaki zamu ya ukoo wa marehemu: wafanye karamu, watulishe, waimbe wimbo wake kwa mara ya mwisho, wafute machozi, na waniambie mimi mgane, nenda, kaishi. Mpaka siku hiyo mimi ni mtu wa msiba. Siwezi kuoa. Nikisimama na mwanamke dukani, kijiji kizima kinapata kikohozi.

Na mwenye kusema karamu ni lini ni mjomba wake Odelia, Mjomba Ellis, mkuu wa ukoo wao. Mwaka wa kwanza akasema paa la nyumba ya ukoo linavuja. Mwaka wa pili akasema samaki hawakutosha kulisha watu. Mwaka wa tatu hakusema kitu. Majira ya baridi yaliyopita ndipo akatamka: Oktoba. Nilipolisikia neno hilo nilikwenda kwenye boti, nikajifanya natengeneza injini, nikakaa pale natabasamu peke yangu kama mwehu.

Sikuwa nimemwambia Verna lolote. Yeye pia hakuwa ameniambia. Lakini alikuwa ameitwa mjini Sitka kwenda kupika kwenye shule moja huko, na kila walipompigia simu aliwajibu, "Nipeni mpaka Oktoba." Mtu mzima akisikia hivyo anajua.

Basi, tulipokuwa tukivuka kwenda botini wawili wawili juu ya upande wa mtumbwi uliobaki na hewa, ile video ilifika kijijini kabla yetu. Jioni hiyo hiyo Mjomba Ellis alituma neno kwa mdomo wa mpwa wake mwingine: "Mwambieni mkwe, mtu anayemtukana Dubu na wakwe zake kwa pumzi moja, huyo msiba bado uko kooni mwake. Oktoba hakuna."

Na kesho yake nikasikia dukani kwamba Verna amewapigia Sitka. Amesema atakuja Agosti.

*

Jumamosi nilikuwa gatini asubuhi, nimeugeuza mtumbwi, nabandika viraka. Gundi imeniganda vidoleni. Nikasikia buti za mpira zinakuja juu ya mbao, na nikazijua kabla sijainua kichwa.

"Kiraka hicho umekibandika upande," Verna alisema.

"Nenda huko Sitka ukabandike vyako."

"Ehe. Umeanza."

"Si unaondoka? Kwaheri basi. Mimi nina wageni wawili leo, wazee, naweza kuwapeleka peke yangu."

Hakuondoka. Aliketi kwenye ukingo wa gati, miguu ikining'inia, akavua kofia ya koti lake ijapokuwa mvua ilikuwa inanyesha. Nywele zake zimeanza mvi kwa mbele. Nilitaka kumwambia avae kofia asije akapata baridi, nikalimeza neno hilo.

"Shemeji, hujajiuliza kwa nini kaka aliuacha mto wenye samaki akauma mpira?"

"Dubu wanapenda mpira. Kila mtu anajua."

"Boti hakuigusa."

"Boti ni ya bati."

"Kulikuwa na samaki chini ya kiti."

Brashi ya gundi ikanitoka. "Samaki gani?"

"Samoni wa moshi. Nilimkausha mwenyewe. Nilimfunga kwenye taulo, nikamficha, ili umkute jioni ukiosha mtumbwi." Alikuwa anautazama mlango wa bahari, si mimi. "Unanifundisha sheria za kibao kila siku, chakula kibaki botini, na mimi ndiye niliyeivunja."

"Kwa nini usinipe mkononi?"

"Mkononi! Mbele ya nani? Mbele ya mama Florence, ambaye hajatoka dirishani tangu alipozaliwa? Mfiwa hajaanuliwa tanga, na mimi niende mlangoni kwake na samaki? Kabla hujammaliza samaki huyo wangeshatuozesha na kututalikisha."

Nilicheka. Sikutaka, lakini nilicheka, na yeye akacheka kidogo.

"Kwa hiyo kaka hakuiba," aliendelea. "Alinusa chakula cha nyumbani kwao, akala. Wewe ukamwita mwizi. Na mimi nilikuwa nimesimama pale, samaki ni wangu, nikashindwa kufungua mdomo. Ndiyo maana nimewaambia Sitka nakuja. Si kwa ajili ya tusi lako. Ni aibu yangu."

Nikauliza kile kilichokuja kwanza.

"Ulitia chumvi?"

"Nini?"

"Huyo samaki. Ulitia chumvi au sukari?"

Ndipo akageuka. "Sukari. Ile ya kahawia."

Nikaketi juu ya ndoo. Odelia alitia chumvi, tena nyingi, miaka ishirini na moja, na mimi nilikula nikamshukuru. Nilimpenda mke wangu, hilo sitamficha mtu. Lakini sikuwahi kumwambia yeye wala binadamu mwingine kwamba napenda wa sukari.

"Nani kakwambia?"

"Hakuna. Ulikuwa ukija kwetu unakula wa mama yangu mpaka mkia, halafu unafuta sahani kwa kidole ukidhani hatuoni." Akanitazama usoni. "Mimi nilikuwa naona."

Mvua ikaongezeka. Kama si gundi ile vidoleni ningemshika mkono pale pale, na mama Florence aanguke na dirisha lake.

"Verna," nikasema.

"Usiseme kitu. Anakuja."

Kweli, mtu mmoja mrefu mwenye koti la njano alikuwa anateremka gatini, fimbo mbele, mguu nyuma. Mjomba Ellis. Nilisimama. Hatukuwa tumekutana uso kwa uso tangu Jumanne.

"Mkwe," alisema, "bibi kikongwe wako ana nafasi ya babu mmoja?"

Nikamgeukia Verna. "Wewe ndiye uliyemwambia boti yangu ni bibi kikongwe?"

"Kila mtu anajua," alinijibu kwa maneno yangu mwenyewe. Kisha akaninong'oneza, "Nimemwambia na habari ya samaki. Yote. Akasema anataka kwenda mwenyewe. Shemeji, tafadhali, leo mdomo wako uulinde."

*

Wageni wa siku hiyo walikuwa mzee mmoja na mkewe, watu wa bara, wamekaa katika ndoa mpaka wanafanana masikio. Walikuwa na darubini moja, na njia nzima walikuwa wanaigombania.

"Umeishika tangu tumeondoka."

"Nimeishika kwa sababu wewe unaitazamia ndege."

"Ndege nao ni wanyama, mpenzi."

Mjomba Ellis aliketi mbele, mgongo umenyooka. Verna aliketi karibu nami kwenye injini. Boti iliporuka wimbi, bega lake liligusa langu, na wimbi lilipokwisha halikuondoka mara moja. Nilipunguza mwendo. Nilisingizia magogo yanayoelea.

Tulifika maji yakiwa yamepwa. Samoni walikuwa wamejaa mlangoni mwa mto mpaka maji yanachemka kwa migongo yao, tai wamepanga foleni kwenye misonobari. Kulikuwa na jike na watoto wawili mbali juu, na huku karibu, maji yakimfika magotini, alisimama yule kijana mwenye sikio lililochanika.

Tukajipanga kwenye mchanga. Verna akasogea mbele kidogo, mikono imelegea ubavuni.

"Kaka," alisema, "ni sisi. Mjomba naye yupo. Tunakaa hapa hapa, hatukusogelei. Kula ushibe."

Bibi wa Kizungu akanivuta koti. "Anaongea na nani?"

"Na kaka yake."

"Huwa anamjibu?"

"Akiwa na adabu siku hiyo."

Mumewe akampa darubini bila kuombwa. Hapo ndipo nilipojua hata wao wameguswa.

Mjomba Ellis alikita fimbo yake mchangani. "Haya, mkwe. Nimekuja kusikiliza."

Nilivua kofia. Mimi si mtu wa hotuba. Shuleni nilikaa kidogo, na hicho kidogo nilikaa dirishani. Nilisogea nikasimama sambamba na Verna. Na kwa kuwa ndugu wa mke wangu ni shemeji yangu, nilimwita hivyo.

"Shemeji," nilimwambia dubu. "Mimi ni mume wa Odelia. Siku ile nilikuita mwizi. Hukuiba. Kilikuwa chakula cha kwenu, kimekaushwa na dada yako, na kama kulikuwa na mtu wa kulalamika ni mimi niliyekikosa. Nilikuwa na hasira na watu, nikaitua kwako kwa kuwa uko karibu. Nakuomba radhi. Mtumbwi nimeshauziba, usijali."

Dubu aliinua kichwa. Maji yalimchuruzika kidevuni, na mkia wa samaki ulikuwa bado unatikisika mdomoni mwake. Alitutazama. Sisemi alielewa. Lakini hakula mpaka nilipomaliza.

"Hasira na watu," Mjomba Ellis alisema nyuma yangu. "Watu gani?"

Verna alinikanyaga buti. Nilijua maana yake: ulinde mdomo. Nilishindwa.

"Wenye ndege waliosema ukungu," nikasema. "Na wewe, Mjomba."

"Mimi hasa?"

"Wewe hasa. Paa, samaki, kisha kimya. Miaka mitatu umenifungia mlangoni kama viatu."

Nilingoja fimbo. Fimbo haikuja. Mzee aliketi juu ya gogo lililotupwa na bahari, akawa anautazama mto.

"Paa lilizibwa mwaka ule ule," alisema. "Vijana waliliziba kwa siku moja. Samaki walikuwepo, friji tatu zimejaa. Blanketi langu la ngoma nimelitundika chumbani, nalitazama nikiamka." Akapangusa uso, mvua au kitu kingine, sikuuliza. "Mama yake Odelia alifariki mtoto akiwa hajajua kufunga kamba za viatu. Mimi ndiye niliyemfundisha. Karamu ikishafanyika, mkwe, wimbo wake ukishaimbwa, desturi inasema machozi basi. Wewe utaambiwa kaishi. Mimi mzee nikishakatazwa kumlilia, nitafanya nini asubuhi?"

Miaka mitatu nilikuwa na maneno ya kumwambia mtu huyu, nimeyanoa kama visu. Niliyaacha. Niliketi karibu naye kwenye gogo.

"Mjomba, hata mimi sitaki aondoke," nilisema. "Nataka tu kupumua."

Yule dubu akapiga mbizi ya tumbo, akakosa, akatoka amekasirika, na wale wazee wawili wakacheka kwa pamoja kama watoto.

"Odelia alikuwa anapenda hivyo," Mjomba alisema. "Wakikosa."

"Alikuwa anawazomea."

"Alikuwa anawazomea!" Na mzee akacheka, nami nikacheka, mpaka tukashikana mabega. Nilipoinua macho, Verna alikuwa ametugeuzia mgongo, anajipangusa kwa mkono wa koti.

Mjomba Ellis alisimama, akajinyoosha, na sauti yake ikawa ile ya mkuu wa ukoo.

"Basi. Nimesikia, na Dubu amesikia. Oktoba iko pale pale. Na tena, mkwe: ukoo wetu ulikupa mke, mke akatutoka. Wazee wetu hawakumwacha mkwe mwema akae na jiko baridi. Walimtolea mwingine katika ndugu zake. Mimi nina Verna. Akuanulie tanga, akuwashie moto. Sina kinyongo."

Moyo wangu uliruka kuliko samaki wale. Oktoba! Na Verna! Nilimshika mzee mikono yote miwili.

"Gunalchéesh, Mjomba," nilimwambia, yaani asante, na nikarudia. "Asante. Asante sana."

Wale wageni hawakuelewa neno hata moja la lugha yetu, lakini waliona wanaume wawili wanalia na kushikana mikono, wakapiga makofi. Mjomba akawainamia kichwa.

Niligeuka kumtafuta Verna nikiwa nacheka.

Alikuwa ameshashuka majini hadi vifundoni, ameshika kamba ya mtumbwi, kofia ya koti imeanguka mgongoni na mvua inamtiririka shingoni. Hakukasirika. Macho yake yalikuwa laini kiasi kwamba niliacha kucheka. Alikuwa kama mtu aliyebeba kitu kwa muda mrefu na sasa hajui akiweke wapi.

"Mmemaliza?" aliuliza.

"Tumemaliza," Mjomba alisema kwa furaha.

"Vizuri. Kaka ameombwa radhi. Mjomba amebembelezwa, shemeji ametunzwa, hata wageni wamepata pa kupiga makofi." Akaizungusha kamba mkononi, mara moja, kisha akanitazama mimi peke yangu, na kwa mara ya kwanza tangu tujuane akaniita kwa jina. "Na mimi, Cyril? Mimi nimeulizwa na nani?"